Saikolojia ya Michezo na Tamaduni za Wachezaji wa Kanda ya Kati: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo ambayo makocha, walimu wa michezo, wazazi na viongozi wa timu za Dodoma, Singida na Manyara huuliza kila inapotajwa habari ya akili ya mchezaji. Mengine huulizwa kwa hasira, nami nimeyaacha na hasira yake.

Saikolojia ya michezo inahusiana vipi na utamaduni?

Saikolojia ya michezo hushughulika na yanayompata mchezaji kichwani na moyoni kabla ya mchezo, wakati wa mchezo na baada yake: kujiamini, woga, umakini, hasira, motisha, na namna anavyorudi uwanjani baada ya kuumia. Utamaduni unaingia kwa sababu kila mtu amefundishwa kwao namna ya kuyaonyesha hayo, au kuyaficha. Kijana aliyekua akiambiwa mwanaume halii hataleta woga wake kwa machozi. Ataleta kichefuchefu asubuhi ya mechi, au uvivu wa ghafla, au maumivu ya goti ambayo daktari hayaoni.

Ninaposema utamaduni sina maana ya kabila peke yake. Dini, jinsia, umri, maisha ya kijijini au mjini, shule ya bweni, kambi ya jeshi, ulemavu, hali ya mfuko wa nyumbani, vyote vimo. Na kocha naye ana wake, jambo ambalo husahaulika haraka kuliko yote. Kocha aliyepitia jeshini huona kuchelewa dakika tano ni dharau. Mchezaji aliyeanza siku kwa kupeleka ndoo za maji nyumbani huona amejitahidi kufika.

Sisi sote ni Watanzania na tunaongea Kiswahili. Hizi tofauti mnazitoa wapi?

Kiswahili kimetusaidia sana, na makocha wa nchi nyingi jirani wangetamani kuwa nacho. Lakini angalia hapa tulipo. Kanda ya kati ndipo zinapokutana jamii nne kubwa za lugha za Afrika. Wagogo, Warangi, Wanyaturu na Wanyiramba wana lugha za Kibantu. Wairaqw na Waburunge ni Wakushi. Wabarbaig ni Waniloti. Wasandawe wa Chemba na Kondoa, pamoja na Wahadzabe wa bonde la Eyasi, wana lugha za vidoko, yaani zenye sauti za kugonga ulimi mdomoni. Juu ya hapo, uamuzi wa mwaka 1973 wa kuifanya Dodoma makao makuu, na Serikali kuhamia kwa kasi tangu 2016, umeleta familia kutoka kila mkoa. Timu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ya shule moja ya hapa Dodoma mjini inaweza kuwa na Mhaya, Mmakonde, Mgogo na Mpemba katika safu moja ya ulinzi.

Tena kuna jambo la lugha yenyewe. Mtoto aliyekianza Kiswahili darasani huelewa vizuri ukimwambia "shuka, ziba nafasi, mkabe namba tisa". Muulize anajisikiaje moyoni, jibu linakuwa neno moja. Usiseme hana hisia. Maneno ya hisia aliyafunzwa na bibi yake, na bibi hakusema Kiswahili.

Je, kuna utafiti, au ni maneno ya semina?

Upo. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walichapisha makala iliyowashtua wanasaikolojia, kwa kuonyesha kuwa sehemu kubwa mno ya kinachoitwa "akili ya binadamu" kilipimwa kwa watu wa jamii chache za Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo. Hesabu moja waliyoinukuu ilisema asilimia 96 ya waliopimwa walitoka katika nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Saikolojia ya michezo imejengwa juu ya msingi huohuo. Mwaka 2013 Shirikisho la kimataifa la saikolojia ya michezo, ISSP, lililoanzishwa Roma mwaka 1965, lilitoa waraka wake wa msimamo kuhusu jambo hili. Waraka ule unamtaka mtaalamu awe na mambo matatu: ajitambue yeye mwenyewe na utamaduni wake, ajue kuwasiliana na mtu wa utamaduni mwingine, na mbinu anazotumia zimfae mtu aliye mbele yake.

La kwanza kati ya hayo ndilo gumu. Semina nyingi hulirukia la tatu.

Ni kweli kwamba Wairaqw na watu wa Singida wamezaliwa na mbio?

Swali hili huulizwa kwa kusifu, na ndiyo maana madhara yake hayaonekani.

Majina ni mengi, hilo sibishi. John Stephen Akhwari wa Mbulu alimaliza mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, goti limefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, na dunia inamkumbuka yeye kuliko wengi waliomtangulia. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974. Alphonce Simbu wa Singida alipata shaba ya marathoni katika mashindano ya dunia London mwaka 2017, na Septemba 2025 akatwaa dhahabu Tokyo kwa ushindi ulioamuliwa kwa picha ya mstari wa kumalizia.

Lakini tazama kilicho nyuma ya majina hayo: maisha ya nyanda za juu, kutembea mbali tangu utotoni, watu wa kuigwa wanaoonekana kijijini, na timu za majeshi zinazompa mkimbiaji ajira na muda wa mazoezi. Ukisema "wamezaliwa nazo", unafuta miaka ya kuamka alfajiri. Halafu unawaumiza watu wawili kwa mpigo. Mtoto wa Kiiraqw ambaye hakimbii vizuri, au anapenda netiboli, anajiona ameikosea damu yake. Na mtoto wa Kigogo mwenye mapafu mazuri hapewi hata jaribio, maana "Wagogo si wa riadha". Juma Ikangaa alizaliwa Dodoma. Alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, na katika Boston alishika nafasi ya pili miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, ya kwanza kati ya hizo akipitwa kwa sekunde moja tu.

Kuna jaribio la mwaka 1999 la Jeff Stone na wenzake lililotumia gofu. Wanafunzi wazungu walipoambiwa kazi ile inapima kipaji cha mwili, walicheza vibaya zaidi. Wanafunzi weusi walipoambiwa inapima akili ya mchezo, wao ndio walioshuka. Kazi ilikuwa ileile. Tafiti zilizofuata kuhusu athari za dhana za aina hii zimetoa matokeo mchanganyiko, kwa hiyo usilibebe kama sheria. Mimi linanitosha kunifanya nichunge ninachosema karibu na mstari wa kuanzia.

Mchezaji wangu haniangalii usoni, na kila nikimuuliza anajibu "niko fiti, kocha". Ananidanganya?

Inawezekana anakuheshimu. Katika nyumba nyingi za huku, mtoto anayemkazia macho mtu mzima anaambiwa hana adabu. Anakuamkia shikamoo, anainamisha kichwa, anasubiri kuambiwa. Vitabu vya ukocha vilivyoandikwa kwingine vitakufundisha kwamba asiyekuangalia hajiamini, au ana jambo analolificha. Ukivifuata kibubusa utamweka benchi kijana mwenye malezi mazuri.

"Niko fiti" nayo ina sababu zake. Kukwambia anaumwa ni kukupinga, maana wewe umeshapanga kikosi. Ni pia kuhatarisha posho na nafasi. Na mbele ya wenzake ni kujitangaza dhaifu. Kwa hiyo swali la "uko fiti?" lililoulizwa mbele ya timu halina jibu jingine zaidi ya ndiyo.

Badilisha namna ya kuuliza. Uliza mkiwa mnatembea bega kwa bega kwenda kuchukua mipira, si mmekaa uso kwa uso kama polisi na mshukiwa. Uliza mambo yenye vipimo: umelala saa ngapi, miguu ukiipa alama kati ya moja na kumi ingepata ngapi leo, na jana? Uliza juu ya wengine: "Wachezaji wa nafasi yako huwa wanaumwa wapi wiki kama hii?" Mara nyingi atakujibu habari zake kwa jina la wengine. Na mtumie nahodha, au dada mkubwa wa timu, kupokea taarifa ambazo haziwezi kupanda moja kwa moja hadi kwako. Kocha mmoja aliwahi kulalamika kwangu kuwa huko ni kuzunguka mno. Ndiyo, ni kuzunguka. Msuli uliochanika unachukua wiki nyingi zaidi.

Halafu, akikwambia ukweli siku ya kwanza, usimwadhibu. Wenzake wote wanatazama utafanya nini.

Utani wa makabila chumbani ni sehemu ya mchezo. Nao mnataka kuukataza?

Sitaki. Utani ni mali. Umewasaidia watu wa nchi hii kusemana ukweli bila kugombana, kuzikana, na kupokeana ugenini. Hata Simba na Yanga wanaitwa watani wa jadi, na jina hilo limewaepusha na mengi. Mchezaji mgeni anayetaniwa siku ya pili kambini amepokelewa. Asiyetaniwa kabisa ndiye wa kumhurumia.

Ila utani una kanuni zake na wazee wanazijua. Unakwenda na kurudi: mimi nakutania, wewe unanitania, hakuna anayelipiza kwa ngumi. Unafanyika kati ya watani, si kwa yeyote yule. Na una mahali pake pa kukoma.

Sasa chukua mzaha unaowafuata Wagogo kila waendako, ule wa ombaomba. Kijana wa Bahi anapotaniwa hivyo na mtani wake wa siku zote, anacheka na kumrudishia. Anapoambiwa hivyo na kocha aliyeshika karatasi ya kikosi, hana cha kumrudishia. Anapoambiwa hivyo kila siku ya posho, na kundi lote dhidi yake mmoja, huo si utani tena ingawa kila mtu anacheka, yeye akiwemo. Mambo ya kuangalia ni machache: je, anayetaniwa huwa anajibu? Anaanzisha yeye pia? Ameanza kukaa pembeni wakati wa kula, au kubadilisha kitanda? Mzaha unaangukia rangi ya ngozi, ulemavu, au jambo lililotokea nyumbani kwao? Kwa mchezaji mwenye ualbino usisubiri kuangalia. Kata mara moja.

Kocha mwenyewe ajizuie. Anaweza kutaniwa, lakini kutania kuhusu kabila la mchezaji anayemlipa au kumpanga ni afadhali aache.

Na waganga? Timu yangu haiingii uwanjani bila "kamati ya ufundi" kufanya yake.

Kwanza tuwe wakweli kwamba jambo hili lipo, kuanzia ligi za mitaani hadi juu. Klabu zimewahi kupigwa faini kwa kukwepa mlango rasmi na kuingia uwanjani kwa njia nyingine. Mtaalamu anayejifanya halioni hataaminiwa na wachezaji katika lolote.

Kumcheka mchezaji hakusaidii. Mechi ina mambo mengi asiyoyatawala: mwamuzi, upepo wa Dodoma unaopeperusha krosi, mpira unaogonga mwamba. Tendo la kurudiarudia humpa hisia kwamba kuna kitu amekishika. Wazungu nao wana soksi za bahati na viatu vya kuvaa mguu wa kushoto kwanza, na hakuna anayewaita washirikina. Kwa hiyo mimi huuliza: ukifanya hivyo unajisikiaje? Akisema "moyo unatulia", tunajenga utaratibu wake mwenyewe wa kutulia utakaofanya kazi ileile, ambao hautegemei mtu wa nje wala fedha: pumzi kadhaa za taratibu, dua au sala kama ni mtu wa dini, mguso wa nyasi, neno moja la kujiambia. Hirizi ya ngozi mkononi ina kikwazo cha kawaida kabisa. Sheria ya 4 ya mpira wa miguu inakataza mapambo na mikanda ya ngozi uwanjani, na mwamuzi ataagiza ivuliwe bila kujadili imani ya mtu.

Ninapokataa kabisa ni pawili. Dawa ya kunywa au kuchanjia isiyojulikana ina nini, kwa sababu ya afya na ya vipimo vya dawa zilizokatazwa, maana mchezaji anawajibika kwa kila kilichomo mwilini mwake hata kama hakujua. Na shutuma za uchawi ndani ya timu. Kipa akianza kuambiwa kuwa yeye ndiye "anayewafunga" wenzake, timu imekwisha, na yeye anaweza kudhurika kweli. Hapo uongozi uingilie siku hiyohiyo, mbele ya wote.

Ramadhani tunafanyaje? Na Wasabato?

Panga kabla, usisubiri mwezi uandame. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo hakuna wa kusema imemshtukiza. Katika ukavu wa Dodoma, mazoezi mazito ya saa tisa mchana kwa aliyefunga ni hatari. Sogeza mazoezi makali karibu na futari au baada yake, punguza kiasi, linda usingizi, kwa sababu daku na tarawehe hula muda wa kulala. Usimwulize mchezaji mbele ya wenzake kama amefunga. Msichana aliye hedhini hafungi, na swali lako linamwanika.

Wapo watakaochagua kufunga siku ya mechi na wapo watakaochagua kulipa baadaye kwa sababu wako safarini. Hayo ni kati yao na dini yao. Kazi yako ni kumpa taarifa za mwili wake kwa uwazi, na kisha kuheshimu.

Kwa Msabato, ratiba ya Jumamosi ni ngumu kweli na mara nyingine haina suluhisho. Mwambie mapema mechi zipi zinaangukia siku hiyo, aamue na familia yake. Kumsajili halafu kumlaumu mwezi wa tatu si haki.

Wazazi wanawatoa mabinti kwenye timu wakifika kidato cha pili. Tuwashawishi vipi?

Nenda nyumbani. Barua haitoshi, na simu haitoshi. Mzazi wa Kondoa au Mvumi anayemzuia binti mara nyingi hapingi michezo. Anauliza nani atakuwa naye njiani jioni, kambi inalala wapi, nani ana ufunguo wa bweni, atavaa nini, na nani atasaidia kuchota maji. Hayo ni maswali mazuri, na timu nyingi hazina majibu yake. Ukiwa na mwalimu wa kike anayeongozana nao, mazoezi yanayokwisha kabla ya magharibi, na ratiba iliyoandikwa, nusu ya mazungumzo imekwisha kabla chai haijapoa.

Kuhusu mavazi, msifanye vita pasipo na vita. Hijabu imeruhusiwa rasmi katika mpira wa miguu tangu 2014 na katika kikapu tangu 2017. Anayetaka kuvaa suruali ya kubana ndani ya bukta, avae.

Wapo watakaosema mpira utamfanya binti asizae, au aote misuli asiolewe. Usibishane kwa mihadhara. Wataje Serengeti Girls walivyofika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022, kisha mwache mama wa mchezaji mwingine aongee. Sauti yake ina uzito ambao yako haina.

Kwa hiyo kila mila iheshimiwe?

Hapana. Ukeketaji, ndoa ya utotoni, na kupiga watoto kwa jina la nidhamu si mambo ya kuyapatia nafasi kwenye ratiba. Manyara, Dodoma na Singida zimo kati ya mikoa ambako ukeketaji umekuwa mkubwa nchini, na kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Kocha au mwalimu wa michezo anaweza kuwa mtu mzima wa kwanza kuona binti amebadilika baada ya likizo. Ukishuku, piga simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, ni bure. Usianze uchunguzi wako mwenyewe.

Jando la wavulana linalofanyika kwa usafi na usalama ni jambo jingine. Uliza familia limepangwa lini, mpe kijana muda wa kupona, na usimwite mtoro.

Zile mbinu za kawaida, malengo, taswira, kujisemesha, zinafanya kazi kwa wachezaji wetu?

Zinafanya kazi, zikishonwa upya kwa kipimo cha mvaaji.

Anza na taswira. Maelekezo mengi ya kutuliza mwili yaliyonakiliwa kutoka vitabuni yanasema: funga macho, uko ufukweni, sikia mawimbi. Binti wa Mpwapwa ambaye hajaiona bahari anafunga macho na kukuta giza. Mwache achague mahali pake: chini ya mbuyu mvua ya kwanza ikiwa imekatika, shamba la zabibu asubuhi, jikoni kwa bibi. Na taswira ya mechi iwe na mambo ya kweli ya uwanja atakaochezea. Kama ni wa vumbi, vumbi liwemo. Kama kuna upepo, upepo uwemo, na kelele za mashabiki zilivyo, pamoja na matusi yao.

Kujisemesha, yaani yale maneno mafupi mtu anayojiambia kabla ya penalti, kusifanywe kwa Kiswahili sanifu eti kwa sababu kocha anakiandika ubaoni. Tafiti za watu wenye lugha zaidi ya moja zinaonyesha lugha ya kwanza mara nyingi hugusa moyo zaidi. Akitaka kujisemesha kwa Kinyaturu au Kisandawe, wewe huhitaji kuelewa. Mwombe tu akwambie kama maneno yanamtuliza au yanamwamsha, maana hivyo ni vitu viwili na kila kimoja kina wakati wake.

Malengo ndiyo yenye mtego. Zoezi la kusimama mbele ya timu na kutangaza "mimi mwaka huu nitafunga mabao kumi na tano" linatokana na malezi yanayomsifu anayejitaja. Kwa wachezaji wengi wa huku hilo ni majivuno, tena ni kukaribisha kijicho. Wapo wakimbiaji wanaoficha hata muda wao bora. Waache waandike malengo yao faraghani, ayaone kocha peke yake, na yale ya kutangazwa yawe ya timu. Sifa nazo ni hivyohivyo: mtu mmoja akisifiwa mno mbele ya wenzake anaweza kuzilipia sifa hizo bwenini usiku.

Na tusisahau tulichonacho tayari. Wagogo wana urithi mkubwa wa kuimba kwa sauti zinazopishana, na wanawake wao hupiga ngoma za muheme. Kikosi kinachoimba na kupiga makofi ndani ya basi kinapangilia pumzi na kuondoa woga bila mtaalamu yeyote kulipwa. Nimeona viongozi wanawanyamazisha "wajipange kisaikolojia". Waacheni waimbe.

Tumesajili wageni kutoka nchi nyingine. Wana shida gani zaidi ya baridi na chakula?

Upweke, hasa wiki za katikati, shamrashamra za usajili zikiwa zimepoa. Mtafutie mtu wa kumwonyesha soko, msikiti au kanisa, na duka la vocha. Mkalimani asiwe mchezaji anayegombea naye namba.

Mchezaji akipata mkataba, ukoo mzima unahamia kwenye mshahara wake. Nimwambie akatae?

Ukimwambia hivyo atakusikiliza kwa adabu na kutuma fedha jioni hiyohiyo. Kumsaidia ndugu si udhaifu wa akili. Ndiko kulikomlea, na kwa wengi ndiyo sababu ya kuvaa viatu. Tatizo hutokea pale mchezaji anapocheza akiwa ameumia kwa sababu ada ya mdogo wake inasubiri bonasi.

Kinachosaidia ni kikao. Mwite baba mkubwa, mjomba, au yeyote ambaye neno lake linasikika kwenye familia ile, mkae mpange kiasi kinachojulikana kila mwezi na nani atapokea maombi mengine kwa niaba yake. Mzee akishasema "mtoto asisumbuliwe wiki ya mechi", simu zinapungua. Kocha hana mamlaka hayo, na asijaribu kuyatafuta.

Mchezaji anaumwa kweli kichwani. Nikimtajia saikolojia anasema "mimi sio wa Mirembe".

Mirembe, Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, iko hapahapa Dodoma mjini, na jina lake limekuwa mzaha tangu wazazi wetu wakiwa shule. Ndiyo maana sianzi na neno mgonjwa. Naanza na usingizi, hamu ya kula, na nguvu za mazoezi, vitu ambavyo mwanamichezo haoni aibu kuvitaja.

Lakini kuna hatua ambapo mazungumzo ya kocha hayatoshi: halali wiki kadhaa, anasema hana sababu ya kuishi, anasikia sauti, anakunywa pombe kila siku. Hapo mpeleke kituo cha afya au hospitali, na mwende naye. Kama familia inataka pia sheikh, mchungaji au mzee wa ukoo amwombee, waache, mradi dawa na kliniki haviachwi. Kuwalazimisha wachague kimoja ndiko kunakomfanya mgonjwa asirudi.

Je, mshauri lazima awe wa kabila au dini ya mchezaji?

Si lazima, na wakati mwingine mchezaji mwenyewe hataki. Mji wa Dodoma unapanuka lakini koo zinafahamiana, na binti wa Kirangi anaweza kuogopa kwamba aliyomwambia mshauri wa kwao yatafika Kondoa kabla ya Ijumaa. Mwingine atamtaka wa kwao hasa, asilazimike kueleza kila kitu kuanzia mwanzo. Muulize anapenda nini, mwambie ni nani atakayesikia habari zake na nani hatasikia. Kama lugha ni kikwazo, mkalimani atoke nje ya timu na nje ya ukoo.